Maji Kabla ya Kisu: Huduma ya Upasuaji wa Utumbo Uliotoboka Katika Hospitali Moja ya Misheni, Kasese

Ninaandika tathmini hii baada ya siku 19 za kumuuguza mpwa wangu, mvulana wa miaka 13, katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya misheni wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, alikofikishwa utumbo wake ukiwa umekwisha kutoboka kwa sababu ya homa ya matumbo, ambayo huku kwetu kila mtu huiita taifodi. Sitaitaja hospitali hiyo kwa jina, kwa kuwa pamoja na sifa nyingi inazostahili yapo pia mambo ya kuilalamikia, na nia yangu ni kumweleza msomaji, hasa mzazi au mlezi anayeishi karibu na Mpondwe, mpakani mwa Kongo, au kule milimani, jinsi huduma nzuri ya ugonjwa huu inavyokuwa, ili siku yakimfika ajue anachopaswa kukiona na anachopaswa kukidai. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa upasuaji wenyewe na kwa saa zilizoutangulia, hospitali hii inastahili alama za juu kabisa. Kwa uuguzi wa usiku, za wastani. Na kwa namna inavyomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, za chini.

Kabla ya kufika hospitali tulikuwa tumepoteza siku nyingi, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu. Mtoto alianza na homa iliyopanda kila jioni, kichwa kikimuuma na hamu ya chakula ikimpotea, nasi tukampeleka katika kliniki ndogo ya pale senta, ambako alidungwa sindano za malaria kwa siku tatu. Homa haikushuka. Akapimwa kwa kipimo cha Widal, tukaambiwa kwamba ana taifodi "kidogo", akapewa vidonge vya siku tano, na alipoanza kulalamikia tumbo akaongezewa dawa ya minyoo na sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Baadaye daktari mpasuaji alinifafanulia kwamba Widal hupima tu alama ambazo mwili umeziacha kwenye damu katika kupambana na vijidudu vya aina hiyo, kwa hiyo inaweza kumwonyesha mgonjwa mtu aliyeugua zamani, na inaweza pia kumkosa anayeugua sasa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu katika maabara, na kliniki za senta hazina uwezo huo. Alisema pia neno ambalo sikuwahi kuambiwa kabla: homa ambayo haikusikia dawa ya malaria iliyotolewa ipasavyo haitakiwi kuongezewa sindano nyingine za malaria, inatakiwa kutafutiwa sababu nyingine, na kwa taifodi hatari kubwa huwa katika wiki ya pili na ya tatu.

Sababu ya hatari hiyo iko mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla haujaungana na utumbo mpana. Ndani ya ukuta wa sehemu hiyo kuna mabaka ya tezi, na vijidudu vya taifodi, vikishaingia kwa njia ya maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, hupenda kuweka makao humo. Mabaka huvimba, kisha yanaanza kufa na kumeguka, yakiacha vidonda, na kidonda kimojawapo kikiula ukuta wote hadi nje, yaliyomo matumboni humwagika katika uwazi wa tumbo. Ndiyo maana mtu anaweza kuugua taifodi kwa wiki mbili akitembea na hata kwenda shambani, halafu ndani ya usiku mmoja akawa mahututi.

Wilaya hii ina kumbukumbu yake ya jambo hilo. Kati ya Desemba 2007 na Julai 2009, Kasese ilipata mlipuko wa taifodi ambao wachunguzi waliorodhesha wagonjwa 577, na kati yao 249 walitobokewa utumbo na 47 wakafariki. Katika milipuko mingi, wanaotoboka huwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Hapa walikuwa zaidi ya wanne katika kila kumi ya walioorodheshwa, na sidhani kwamba kijidudu peke yake kinatosha kueleza hesabu hiyo. Nadhani wengi waliougua bila kutoboka hawakuorodheshwa popote, kwa sababu walikuwa wakitibiwa malaria. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Kampala, ambako watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua, na maji ya chemchemi za mitaani na sharubati za kienyeji vikalaumiwa.

Utumbo wa mpwa wangu ulitoboka usiku. Aliinuka ghafla mkekani, akashika tumbo upande wa kulia chini ya kitovu, akapiga ukelele mmoja, kisha akajikunja. Baada ya muda kama wa saa moja akasema maumivu yamepungua, akaomba maji, nasi tukamshukuru Mungu. Mtu wa kliniki niliyekuwa nimempigia simu akaniambia dawa sasa imeanza kushika. Haikuwa hivyo. Nafuu hiyo ya muda mfupi inajulikana kwa madaktari, na huwapumbaza watu wengi, kwa maana baada yake ndipo utando wote unaofunika matumbo unapoanza kuungua kwa uchafu. Kulipopambazuka, mtoto alikuwa amelala chali amekunja magoti, hageuki, pua zikipanuka kila avutapo pumzi, na hakutaka hata kanga imguse tumbo. Boda boda isingefaa. Tulikodi gari, na katika kila shimo la barabara alinishika mkono akiuma meno.

Sasa nieleze huduma yenyewe. Sista aliyetupokea hakuanza na daftari wala na malipo. Aliweka kiganja kizima juu ya tumbo la mtoto, taratibu, akamwambia, "Mwanangu, nikoholee kidogo." Mtoto akajaribu, akashindwa, machozi yakamtoka bila sauti. Sista akamgeukia tabibu aliyekuwa meza ya pili, akasema maneno matatu tu, "Tumbo la ubao," yaani tumbo lililokakamaa, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda mbio. Haikupita robo saa mtoto akawa na dripu mbili, moja kila mkono, mpira umepitishwa puani hadi tumboni na kuanza kutoa maji ya kijani, na mpira mwingine wa mkojo umeunganishwa na mfuko ulioning'inizwa ubavuni mwa kitanda. Dawa za mishipa, yaani za kuua vijidudu zinazopitishwa kwenye mshipa wa damu, seftriaksoni na metronidazoli, zilianza saa hiyo hiyo. Alipigwa eksirei akiwa ameketishwa, nami nikaonyeshwa picha mbele ya taa: juu ya ini, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, upande wa kulia, palikuwa na ukanda mwembamba mweusi uliopinda kama mwezi mwandamo. Ukanda huo ni hewa iliyotoka katika utumbo, na pale haikutakiwa kuwapo. Daktari aliongeza kwamba hata picha isingeuonyesha angempasua, kwa kuwa si kila aliyetoboka huonekana na hewa hiyo, na mkono uliogusa tumbo ulikuwa umekwisha kumwambia alichohitaji.

Kisha tukangoja, na ni katika kungoja huko ambako nilikosea zaidi. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, chumba cha upasuaji kiko wazi, daktari yupo, na hakuna anayemsukuma mtoto kwenda huko. Dada yangu alianza kulia kwamba labda wanataka pesa kwanza. Nikamfuata daktari, nikamwuliza kwa sauti ambayo sasa najutia kwa nini wanakaa. Hakukasirika. "Mwalimu," alisema, "nikimlaza sasa hivi, dawa ya usingizi itamuua kabla ya kisu. Kwanza maji."

Alinieleza kwamba tumbo lililochafuka hufyonza maji ya mwili kwa lita nyingi, yakajikusanya humo humo ndani, huku mishipa ikibaki karibu mitupu na moyo ukikimbia bila kitu cha kusukuma. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya usingizi, presha yake inaweza kuanguka isiinuke tena. Kwa hiyo saa chache za kumrudishia maji, na damu ikibidi, ni sehemu ya upasuaji wenyewe, mradi zisigeuke kuwa siku nzima. Kuchelewa kupita kiasi nako huua. Kipimo chao cha kujua kwamba yuko tayari kilikuwa mkojo. Mtoto alikuwa na kilo 33, na walitaka atoe angalau mililita 33 kila saa. Sista alibandika plasta nyeupe kwenye mfuko, akawa anapiga mstari wa kalamu na kuandika saa. Saa ya kwanza mstari ulikuwa kwenye mililita 8, rangi ya mkojo ni kama chai ya rangi iliyokolea. Saa ya tatu 20. Saa ya tano 41, na rangi imefifia. Hapo ndipo kitanda kikasukumwa. Sijawahi kuona heshima kubwa kwa mgonjwa kuliko mistari ile mitano ya kalamu kwenye plasta.

Katika muda huo pia chupa moja ya damu ilipatikana na kuanza kuingia, na dada yangu, ambaye ndiye mama mzazi, alielezwa kwa Kiswahili na tena kwa Lhukonzo atakachotia sahihi: kwamba wakikuta tundu moja watalishona, kwamba wakikuta mengi watakata kipande na kuunganisha ncha, na kwamba hali ikiwa mbaya zaidi huenda wakautoa utumbo nje ya ngozi kwa miezi kadhaa ili kinyesi kipitie mfukoni. Aliambiwa pia wazi kwamba mtoto anaweza kufa. Hakuna aliyemharakisha. Na jambo ambalo ni lazima nilisifu peke yake: hatukudaiwa amana yoyote kabla ya upasuaji.

Walikuta tundu moja, ukubwa wa harage, kiasi cha sentimita 20 kabla ya utumbo mwembamba kuingia katika utumbo mpana, upande ule ulio mbali na mishipa ya damu. Daktari alituchorea nyuma ya karatasi ya glavu. Walipunguza kingo zilizooza, wakashona kwa tabaka mbili, wakakagua utumbo wote kwa mkono wasikose tundu la pili, wakaosha tumbo kwa lita sita za maji ya chumvi yaliyopashwa moto hadi yakatoka meupe. Ngozi hawakuishona. Nilipofunua shuka asubuhi na kukuta kidonda kimefungwa kwa shashi tu nilidhani ni uzembe, na nusura nikosee mara ya pili. Ngozi ikishonwa juu ya uchafu hutunga usaha, kwa hiyo huiacha wazi, wakaisafisha kila siku, wakaja kuishona siku ya tano ikiwa safi. Ndivyo ilivyokuwa, na kidonda hakikutunga.

Wodi ile ilinifundisha kwamba taifodi ni mlango mmoja tu wa ugonjwa huu. Kitanda cha mkono wetu wa kulia alikuwa mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote na kumeza dawa za maumivu ya mgongo kila siku kwa miaka. Yeye alitobokewa na kidonda karibu na mlango wa kutokea tumboni, maumivu yakamwingia juu ya kitovu kama amechomwa kisu, na anakumbuka hata dakika yenyewe. Tundu lake lilizibwa kwa kipande cha lile shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, kisha akaanzishiwa dawa za kuua kijidudu kinachokaa tumboni na kusababisha vidonda, pamoja na za kupunguza asidi, na akakatazwa kabisa vidonge vyake vya mgongo. Kando yake alilala kijana wa boda boda aliyejigonga tumbo kwenye usukani wa pikipiki yake. Nje alikuwa na mchubuko tu, akarudi nyumbani, na siku iliyofuata akaletwa akiwa na homa na tumbo limejaa. Alikuwapo pia mama kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ambaye kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka. Ngiri iliyonyongwa na utumbo uliojisokota navyo vinaweza kufika huko huko, kwa sababu sehemu iliyokosa damu hufa na kutoboka. Wote hawa wanne walikuwa na asili tofauti ya ugonjwa, lakini safari yao ndani ya hospitali ilikuwa moja: maji, dawa za mishipa, mpira wa puani, kisu, kuoshwa, na kungoja utumbo uamke.

Kungoja utumbo uamke kunahitaji subira. Utumbo ulioguswa hulala kwa siku kadhaa, na mtoto haruhusiwi chakula hadi maji ya mpira wa puani yapungue na atoe hewa. Mpwa wangu alitoa hewa siku ya nne usiku, na wauguzaji, yaani ndugu wa wagonjwa, wa vitanda vyote vya jirani wakashangilia kana kwamba ni harusi. Akaanza na maji vijiko viwili viwili, kisha uji mwepesi, na matoke ya kupondwa siku ya saba. Siku ya nane homa ilirudi, nasi tukaogopa kwamba limetoboka tundu jingine au kuna usaha uliojificha. Daktari mwenyewe alikuja jioni hiyo, akampiga ultrasaundi, akaona maji kidogo yasiyohitaji kutolewa, akaongeza muda wa dawa. Homa ilikata siku ya kumi na moja.

Upande wa malalamiko sasa. Usiku kulikuwa na muuguzi mmoja kwa vitanda zaidi ya 30. Alikuwa mtu mwema na alichoka mbele ya macho yetu. Dripu ya mtoto iliisha saa tisa usiku, na ni mimi niliyeiona, nikamwendea mwisho wa wodi alikokuwa akimshughulikia mwingine. Usiku mwingine seftriaksoni ilikuwa imekwisha katika stoo ya hospitali, nikatoka kutafuta duka la dawa lililo wazi, na dozi ikachelewa kwa muda wa saa nne. Kwa mgonjwa wa aina hii dozi iliyochelewa si jambo dogo, na hospitali inayopasua kwa ustadi kama huo inapaswa kuhesabu chupa zake kabla ya giza kuingia.

Lalamiko langu kubwa zaidi ni choo. Vyoo viwili vilitumiwa na wagonjwa na wauguzaji wote wa wodi, na kwa siku zote 19 sikuona sabuni pale kwenye bomba hata mara moja, isipokuwa ile ambayo dada yangu aliifunga kwa kamba ndani ya soksi. Taifodi hupita katika kinyesi na kuingia kinywani kwa mikono na maji. Wauguzaji ndio wanaopika uani na kuwalisha wagonjwa kwa mikono hiyo hiyo. Nililisema jambo hili kwa msimamizi wa wodi kwa heshima, akalipokea kwa heshima, na sabuni haikuja.

Bili ilifika shilingi 1,460,000, ikiwa ni pamoja na upasuaji, kitanda, damu, dawa na picha. Katika hospitali za serikali ada ziliondolewa tangu mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, ingawa yeyote aliyeuguza huko anajua kwamba glavu, nyuzi na dawa mara nyingi hununuliwa na ndugu. Kwetu kiasi hicho ni kikubwa. Tuliruhusiwa kulipa nusu na kuandikiana kwa iliyobaki kwa miezi sita, na mhasibu alituzungumzisha kama watu.

Kuruhusiwa ndiko kulikonisikitisha. Karatasi ya kutokea ilikuwa na mistari mitano kwa Kiingereza, na dada yangu anasoma Kiswahili na Lhukonzo tu. Hakuna aliyekaa naye. Mimi ndiye niliyemvizia daktari kwenye ukumbi na kuuliza, naye akajibu yote kwa dakika kumi akiwa amesimama: kwamba matumbo yaliyopasuliwa yanaweza kushikamana miezi au hata miaka baadaye, kwa hiyo mtoto akitapika mfululizo, tumbo likijaa na hewa isitoke, arudishwe siku hiyo hiyo, kwamba vidonge vilivyobaki vimalizwe hata akijisikia mzima, kwamba mtu anaweza kubeba vijidudu vya taifodi bila kuumwa, hivyo mpikaji wa nyumbani aangaliwe, na kwamba maji ya mto tunayochota kiangazi yachemshwe hadi yatokote, si kupashwa tu. Maelezo hayo yangechapishwa kwa lugha tatu kwenye karatasi moja na kusomwa kwa kila mgonjwa kitandani, hospitali isingetumia hata bei ya glavu moja.

Bado, ndugu yangu akipatwa na tumbo la ubao leo usiku, nitampeleka pale pale, nikipita kliniki zote za njiani bila kusimama. Nitabeba sabuni, thermosi, na akiba ya kununulia dawa usiku, na sitamgombeza daktari anayengoja mkojo.

Tulirudi kwa ukaguzi baada ya wiki sita. Kovu limefunga vizuri, limenyooka kutoka juu ya kitovu hadi chini yake, na mtoto ameongeza kilo nne. Aliuliza mpira wa miguu. Daktari akamwambia asubiri hadi miezi mitatu itimie tangu siku ya upasuaji, na kwa muda huo asibebe jerikeni la lita 20. Achukue la lita tatu ikiwa ni lazima. Kwa sasa ya 20 nayabeba mimi.